Nilipunguza kloki mpaka ikatambaa, kadi ikagoma vilevile

Wadau, huku Mbeya mwezi wa saba asubuhi unachomea bodi kwa waya wa risasi umevaa jaketi na vidole havina habari na wewe, ndo hali niliyokuwa nayo wiki 2 nzima kwa sababu ya bodi moja ndogo ya umeme ya kupima hali ya hewa. Kuna mzee wa Mbozi ana shamba la kahawa, anataka joto na unyevu viandikwe kwenye memori kadi kila dakika 10. Nikamwambia mzee siku 3 tu. Thubutu!

Kadi inaandika vizuri, inaandika vizuri, halafu ghafla takataka. Kila niliyemuuliza jibu ni moja, punguza kloki, yaani yale mapigo ambayo chipu inaipigia kadi ili ipokee biti moja moja. Nikatoka megahezi 20 nikaenda 10, nikaenda 4, mwisho megahezi 1, yaani inatambaa kama semi inapanda Kitonga, na takataka ziko palepale.

Sasa kumbe tatizo halikuwa kloki inapiga mara ngapi, ni inapanda ghafla kiasi gani. Chipu za siku hizi zinatoka 0 kwenda volti 3.3 ndani ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) 1 au 2 hivi, na hiyo haibadiliki hata ukiipigisha mara 1 kwa siku. Kwenye bodi hizi za kawaida za faibaglasi signali inatembea kama sentimita 15 kwa nanosekunde, nusu ya kasi ya mwanga, na treki yangu ya kloki, ile njia ya shaba kwenye bodi, ilikuwa na sentimita 14 (niliizungusha ili bodi ipendeze, msinicheke). Kwa hiyo signali ikifika kwenye kadi na kugeuka, inarudi kwenye chipu wakati chipu imeshamaliza kupanda. Hapo hiyo si waya tena, ni njia ya mawimbi yenye mwangwi. Wazoefu wanasema chipu ikipanda kwa nanosekunde 1, treki ikizidi sentimita 2 na nusu anza kuogopa.

Nilikuwa nimepima lakini, msione nimekurupuka. Fundi mmoja wa redio pale Mwanjelwa aliniazima osiloskopu yake ya zamani, ile mashine inayochora signali kwenye skrini, ya megahezi 20, nikaona kloki imenyooka safi kabisa nikaanza kuilaumu kadi. Ujinga wangu. Gawa 0.35 kwa megahezi 20, unapata nanosekunde 17 na nusu, kitu chenye kasi kuliko hapo mashine inakipiga pasi tu, mikunjo yake huioni. Nikatafuta ya megahezi 200, nayo ikanionyesha vurugu kubwa mno, na nusu ya vurugu ilitoka kwenye ule mkia mrefu wa graundi (upande wa hasi) wa kipimio chenyewe. Nikautoa, nikazungushia kipande kifupi cha waya kwenye ncha, ndo nikaona ukweli: kloki inapanda, inapitiliza volti 4 na ushee, inaanguka katikati, inapanda tena. Kadi inahesabu pigo 1 kama 2, biti zote zinasogea.

Nikamrudishia mzee wa redio mashine yake na kumweleza, akacheka. "Mdogo wangu, si ni kivuli hicho? TV za chogo, ukiunga waya wa antena usiolingana, msomaji habari anakuwa na pacha wake pembeni." Ndo kitu chenyewe! Waya wa antena ni omu 75 ili ulingane na TV, usipolingana wimbi linagonga na kurudi. Ndaga fijo (asante sana) mzee.

Mtandaoni kila mtu anasema weka risista, yaani kizuizi cha umeme, ya omu 33 karibu na chipu. Niliweka, ikatulia kidogo tu. Nikakaa kupiga hesabu, maana chipu na risista ukivijumlisha vinatakiwa vilingane na omu ambazo wimbi linakutana nazo kwenye treki: bodi yangu ni ya tabaka 2, unene milimita 1.6, treki milimita 0.25, hiyo inatoa kama omu 130, na chipu yenyewe ina kama 30. Inabaki 100. Nikaweka 100, kivuli kikaisha.

Ila takataka zilibaki chache, mara moja moja. Geuza bodi chini, nakuta treki ya volti 3.3 nimeipitisha katikati ya graundi, imeikata kama mfereji unavyokata barabara. Mkondo wa kurudi unapenda kupita chini kabisa ya treki yake, ukikuta mfereji unazunguka mbali na njiani unawasumbua majirani. Nikaruka mfereji kwa kipande cha waya, nikaacha mashine iandike usiku kucha. Asubuhi hakuna kosa hata 1.

Halafu kinachoniuma, nikasoma karatasi za maelezo ya chipu nikakuta pini zina mpangilio wa kasi ya kupanda, mimi nilikuwa nimeuweka juu kabisa bila sababu. Mstari 1 wa kodi. Nimeushusha, risista nimeiacha, nani ataifumua kwa baridi hii.

Bodi ya pili nimeshaichora, graundi nzima bila mfereji, kadi sentimita 3 kutoka kwenye chipu. Mzee wa Mbozi kapiga simu jana anauliza zile siku 3 zangu ni za kalenda gani.