Vimulimuli katika Eka Tatu za Babu
Eka tatu alizogawiwa babu yangu huku Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964 zina mikarafuu mlimani, na bondeni kuna kinamasi ambacho jamaa wamenishauri mara nyingi nikifukie nijenge. Nimekataa, kwa sababu mabuu ya vimulimuli huishi kwenye udongo wenye unyevu na majani yaliyooza, yakiwinda konokono kwa miezi mingi kabla ya kuota mbawa. Sifyeki magugu ya kandoni, sipigi dawa, na taa ya uani naizima mapema, maana dume na jike huitana kwa mwanga wao wenyewe, nayo taa yetu huwapoteza. Popo wa Pemba, ambao hawapatikani kwingine duniani, nao hushukia mwembe wetu (wananimalizia maembe, lakini nimeshawazoea).