Papa wa Baharini na Papa wa Roma

Usiku wa leo, baada ya majuma matatu ya kuandika msimbo kila nitokapo kazini, programu yangu ya kutafsiri imejibu kwa mara ya kwanza: niliandika "lion", ikaniletea "simba". Hakuna uganga ndani yake. Makala za Wikipedia zinazozungumzia kitu kimoja katika lugha mbalimbali zimeunganishwa. Zamani kila makala ilibeba orodha ya viungo vyake yenyewe, lakini mwaka 2013 viungo hivyo vilihamishiwa Wikidata, hifadhidata ya pamoja inayokipa kila kitu namba yake, ambako simba ni Q140 kwa lugha zote. Programu huitafuta namba hiyo, kisha husoma kichwa cha makala ya Kiswahili.

Furaha haikudumu. Nilikuwa nimeyakata maneno yaliyomo kwenye mabano ya vichwa, nikidhani ni mapambo, kumbe ndiyo yanayotenganisha majina yanayofanana. Nilipoyaondoa, papa wa baharini na Papa wa Roma wakawa kiumbe kimoja. Nimeyarudisha, kwa aibu kidogo.

Lililonikosesha usingizi hasa ni "rice". Kamusi elezo hupanga vitu, haipangi maneno: kila kitu kina namba yake na kichwa chake kimoja. Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, hawezi kuchanganya mpunga ulioko shambani, mchele ulioko kwenye ungo na wali ulioko kwenye sinia, na angemcheka mtu anayeagiza sahani ya mpunga hotelini. Programu yangu haioni tofauti yoyote. Nilijaribu kufuata kurasa zinazoelekeza msomaji kwenye makala nyingine, kwa kuwa humo ndimo wahariri huweka majina ya ziada, nikapata visawe kadhaa, lakini hakuna panapoelezwa neno lipi litumike wapi. Vitenzi ndivyo havimo kabisa, kwani makala hupewa majina ya vitu. Kupeta na kupepeta nitavitoa wapi?

Kwa hiyo nimefuta neno "mtafsiri" kwenye ukurasa wa kwanza, nikaandika "kitafuta majina": ya wanyama, mimea, miji na maradhi, basi. Pale ambapo makala ya Kiswahili haipo, programu haitakisia; itasema haijaandikwa, na kuniwekea kichwa hicho kwenye orodha. Orodha imeshakuwa ndefu, na mengi yaliyomo ni majina ya samaki ambao nimewala tangu utotoni.