Kumbukumbu ya mradi: ukuta wa Berlin umepasuka kwenye g4

Hatimaye nimeshinda mchezo wa mashindano ya chesi nikiwa Mweupe dhidi ya Ulinzi wa Berlin, ufunguzi wa Mweusi ulio mgumu kuuvunja, tena kwa mpango uleule ninaoushughulikia tangu nianze mradi huu wa kuuvunja. Baada ya hatua nane za kwanza zilizozoeleka, malkia wote wawili wametoka ubaoni, mfalme wa Mweusi yuko d8 (herufi hutaja safu ya ubao, namba mstari wake), askari wake wawili wamefuatana katika safu ya c, nami nina askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme. Kete nyingine zote zikiondoka ubaoni, kwa kawaida Mweupe hushinda. Taabu ni kwamba haziondoki. Mwaka 2000 jijini London, Vladimir Kramnik aliutegemea ulinzi huu, na bingwa wa dunia Garry Kasparov akapoteza taji kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5 bila kushinda mchezo hata mmoja kati ya 15.

Fundo liko f5. Farasi wa Mweusi anayekaa hapo hufukuzwa kwa kusukuma askari g4 tu, na Mweusi akiwahi kusukuma wake h5, g4 humfungulia safu ngome yake iliyobaki h8. Nimejaribu kumpeleka farasi wangu g5 ili amsumbue askofu wa e6, lakini Mweusi huipandisha ngome h6, kisha humtoa askofu wake mwingine kwa farasi huyo, tukabaki na maaskofu wanaotembea kwenye miraba ya rangi tofauti na sare inayonikera sana.

Safari hii mpinzani alisukuma askari h6 tu, si h5. Nikasukuma g4, farasi wake akarudi e7, wangu akaondoka f3 kumpisha askari wa f, na sikumsukuma askari huyo hadi f5 mpaka ngome zote zilipobadilishwa katika safu ya d na mfalme wangu kufika e4. Ninajivunia subira hiyo kuliko ushindi wenyewe.

Stockfish, programu ya kompyuta ya chesi, humpa Mweupe nafuu ndogo karibu kila hatua, lakini namba hiyo haisemi ni kete ipi ibadilishwe. Kwa kazi hii ubao wa mbao ni bora: naondoa jozi mojamoja na kupima kinachobaki.

Nilikuwa nimepanga kuhamia kwenye kusukuma askari d3 katika hatua ya nne, njia inayoukwepa kabisa mwisho huu wa mchezo usio na malkia. Nimeiahirisha, kwa sababu sasa nataka kumpitisha farasi wa c3 kwenye e2 hadi f4, ambako anamkabili askofu wa e6 na askari wa h5 kwa pamoja. Nimeanza na nafasi ambazo mfalme wa Mweusi amesharudi e8.