Diski tatu ndani ya moja
Jana usiku hapa Mtwara nimemaliza kazi niliyoiahirisha tangu msimu wa korosho: kunakili diski mbili za kompyuta ya dukani na ile ya kompyuta mpakato kwenye diski moja ya nje, TB 1. Kila moja nimeipa folda yake, maana zote zina folda ya "Picha", na faili zenye jina moja zikikutana, moja inaweza kufuta nyingine. Video ya harusi ya dada, GB 6, ikagoma kabisa. Kumbe diski ilikuwa na mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, usiobeba faili linalofika GB 4! Nikaifomati, yaani nikaifuta yote na kuipanga kwa exFAT, mfumo unaobeba faili kubwa zaidi, nikaanza upya.

Alfajiri nikafungua nakala ya sauti ya marehemu bibi akisimulia utoto wake Mikindani. Ikasikika. Jamani, nililia. Sasa natafuta diski ya pili, ikakae kwa kaka Masasi.