Frankenstein ya baleti, na yule asiye na wa kumshika

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, ndiyo maana Frankenstein ya Royal Ballet, kampuni ya baleti ya London, ilinishika tangu pale penye meza. John Macfarlane, aliyebuni jukwaa na mavazi, amejenga ukumbi wa kufundishia udaktari wa Ingolstadt, Ujerumani, wanafunzi wamezunguka, viungo vya maiti vinapita mkono kwa mkono. Baadaye Victor Frankenstein, mwanafunzi anayeunda mtu kwa viungo hivyo, anabaki peke yake, umeme unapiga, na Steven McRae, anayecheza huyo Kiumbe, anainuka na kipara chenye mishono, mingine ikimteremka mwilini. Kwa jicho langu hiyo ni mishono ya mtu mwenye haraka: kashona ili afunge, si ili mwili upone.

Liam Scarlett aliitunga kutokana na riwaya ya Mary Shelley ya 1818, kwa muziki mpya wa Lowell Liebermann. Ilioneshwa kwanza Covent Garden, London, Mei 2016, na San Francisco Ballet, walioshirikiana nao kuiandaa, wakaicheza mwaka uliofuata. Sehemu ya kwanza ni ndefu. Ile densi ya baa ungeipunguza nusu na usipoteze kitu.

Ila anayesema haitishi, sikubaliani naye hata kidogo. Baleti ni sanaa ya kushikana. Mtu anajiachia kwa kuwa anajua mikono ipo. Federico Bonelli na Laura Morera, yaani Victor na Elizabeth wake, wanacheza hivyo, huyu akibeba uzito wa yule. Kisha analetwa mmoja anayeweza kuruka, kuzunguka, kuinua, kila kitu, na hapana mtu atakayemshika. Hofu yenyewe ni hiyo.

Mtazame akiwa na William, mdogo wake Victor. Mtoto amefungwa kitambaa machoni, na kwa muda huo wanacheza vizuri tu. Kitambaa kikitoka, mtoto anaona mishono. Anauawa, na Justine, msichana wa nyumbani kwao asiye na kosa, ananyongwa kwa mauaji hayo. Kazini nimezoea wagonjwa ambao bandeji ikifunguliwa hawatazami kidonda. Wanatazama kwanza uso wangu, wajue waogope kiasi gani. Kiumbe naye anasoma nyuso hivyohivyo, na kila uso unamjibu vibaya.

Usiku wa harusi Elizabeth anakufa, kwa hiyo densi kubwa ya mwisho si ya wapenzi. Ni ya aliyeumba na aliyeumbwa. Hapo ndipo wanaposhikana kweli, wanavutana, wanaangushana, na huwezi kusema kama ni ugomvi au ni kukumbatiana. Hata hapo Kiumbe bado anaomba. Victor anaona heri ajipige risasi.

Rekodi ya waigizaji haohao wa 2016 ilitolewa kwenye DVD. Kama una rafiki anayedhani baleti ni mabata maji na malaika tu, mpe hiyo, na mwambie avumilie ile baa.