Mstari Mweusi Kwenye Chaki

Mwaka 2015 nilikuwa naendesha pikipiki ya Senge, dada mkubwa wa baba. Makubaliano yetu yalikuwa shilingi 300 kila jioni. Mvua inyeshe, petroli ipande, abiria wakose, mimi na yeye ni 300. Stegi yangu ya kungojea abiria ilikuwa Majengo, Vihiga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ambayo wakati huo ilikuwa bado inatengenezwa. Waliopita huko miaka hiyo wanalikumbuka vumbi lake, na zile njia za kando zilizohama bila taarifa: leo unapita kushoto, kesho unakuta mawe yamepangwa.

Jioni hiyo nilikuwa peke yangu, nateremka kuelekea Gambogi nyuma ya lori. Sikuliona shimo. Gurudumu la mbele lilizama, likagonga jiwe la upande wa pili, nikasikia mlio kama wa sufuria iliyoangushwa kwenye sakafu ya simenti. Sikuanguka. Hata upepo haukutoka. Nilimulika kwa simu nikaona rimu imebonyea, na spoku tatu kati ya 36 zimekatika. Nikipiga hesabu, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa ile 300.

Kesho yake fundi wa stegi aliligonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, akachomeka spoku tatu alizozitoa kwenye gurudumu lililokufa, akachukua 200 yake. "Twende kazi," akasema. Nikaenda kazi. Lakini nikifika kasi ya 40 hivi, usukani ulianza kucheza mikononi. Mama mmoja niliyembeba aliniuliza, "Kijana, hii pikipiki yako ina malaria?" Nilicheka naye, ila baada ya siku kadhaa nilishuka Kisumu, kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, kwa mzee mmoja niliyesikia anasifiwa kwa magurudumu.

Nilimwambia nimekuja kukazwa spoku.

"Nani amekwambia ni spoku?"

Alilitoa gurudumu, akavua tairi na tyubu, akarudisha ekseli na kuibana kwenye jiriwa. Kando yake akafunga waya mwembamba, ncha ikikaribia kugusa ukingo wa rimu, kisha akalizungusha taratibu kwa kidole. Waya ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena mahali palepale. Akanieleza kuwa kuna kuyumba kushoto na kulia, na kuna kupanda na kushuka. La kwanza spoku hulivuta likarudi: unalegeza za upande huu, unakaza za upande ule. La pili ni gumu zaidi, maana chuma chenyewe kimebonyea. Kipimo chake kilikuwa visu vitatu vya msumeno wa chuma vilivyobanwa pamoja, karibu milimita 2. Pengo kati ya waya na rimu likizidi hapo, hakukubali kuliita gurudumu zima. Langu lilikuwa limezidi.

Kisha akaanza kugonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa ziliimba. Zile tatu za stegi, na majirani zake, zilitoa mlio wa kijiti kikavu. Alikaza, akalegeza, akagonga rimu kidogo, akazungusha, kwa muda wa saa nzima. Mwishowe visu vyake vilikataa kupita penye pengo. Mimi nilishasimama, mkono mfukoni natafuta pesa.

"Kaa kwanza, nyathina, mwanangu."

Akaomba mafuta taa kwa jirani. Akaifuta habu, kile kitovu cha gurudumu zinakoshikilia spoku, ikatakata, akaipaka mafuta taa pande zote, akaenda kunywa chai. Aliporudi aliikausha kabisa kwa kitambaa, akasaga chaki ya shule na kuinyunyiza juu. Tukasubiri. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hayafutiki kwa kitambaa. Hutoka polepole na kulowesha chaki. Ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukitoka tundu moja la spoku hadi la pili.

Nilibishana naye, sifichi. Nikamwambia ni kaufa kadogo. Nikamuuliza kama nikiendesha polepole. Nikamwonyesha kijana wa kuchomelea mageti pale mbele. Mzee akasema habu ni alumini, si chuma cha mageti, na hata akipatikana wa kuichoma, moto utaipinda pale breki zinaposugua. "Rimu ikipinda inakutikisa, inakuonya," alisema. "Hii ikiachia, inaachia na spoku za upande wote. Lingekuwa la nyuma ningekusikiliza. La mbele, hapana."

Kuna jambo sikumwambia, ingawa nadhani alilisoma usoni. Pale stegini kulikuwa na mwenzangu aliyekuwa anatafuta habu ya bei rahisi. Kichwani nilishampa bei: 400.

Mzee alifungua spoku zote, akaiweka habu juu ya fuawe na kuipiga nyundo moja. Nikapiga kelele. Kipande cha ukingo kikaruka, kikatua karibu na mguu wangu. Alikiokota akanionyesha mahali kilipokatikia. Sehemu ndogo ilikuwa inang'aa kama shilingi mpya. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, chafu, kama masizi.

"Hii nyeupe ni ya leo. Hii nyeusi imekaa siku nyingi."

Pikipiki ile Senge aliinunua mkononi mwa mtu. Ufa ulikuwemo kabla ya shimo la Gambogi. Miezi yote hiyo nilikuwa nikipakia watoto watatu wa shule kila asubuhi.

Habu nyingine, ya mtumba, aliipima kwa chaki ileile kabla ya kunifungia. Pamoja na kazi ilikuwa 1,400. Nilirudi nyumbani na kile kipande kwenye mfuko wa plastiki, enzi hizo haijapigwa marufuku, nikiwa nimepanga utetezi wangu: si mimi, Senge, tazama weusi huu.

Alikishika karibu na taa, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ile sehemu nyeusi. Nikaanza kueleza habari ya chaki. Hakuonekana kusikiliza.

"Juzi ulinipeleka soko la Luanda na hii?"

"Ndiyo, Senge."

"Na yale magunia ya mahindi?"

"Mawili."

Alikirudisha kipande ndani ya mfuko, akaufunga fundo.