Jinsi jabia letu lilivyopata fedha za tabianchi

Watu wakisikia kaunti ina fedha za tabianchi, yaani za kukabili mabadiliko ya hali ya hewa, swali la kwanza huwa: zitaingia akaunti gani? Haziingii akaunti ya kikundi chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa kisiwani Pate, wadi ya Faza, kaunti ya Lamu nchini Kenya, kuna vikundi vilivyochangishana, vikafungua akaunti, vikakaa kungoja. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, na jabia la kijiji chetu, tangi letu la kukinga maji ya mvua, limekarabatiwa kwa fedha hizo bila hata shilingi moja kupita mikononi mwetu. Sisi tulipeleka hoja na ushahidi. Kaunti ikatangaza zabuni, ikampata mkandarasi, ikamlipa.

Mpango wenyewe unaitwa FLLoCA (Financing Locally-Led Climate Action), yaani kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji. Unasimamiwa na Hazina ya Kitaifa, na Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021. Kaunti haipewi hivi hivi. Sharti iwe na sheria yake ya tabianchi, mfuko maalumu, na kamati ya mipango ya tabianchi katika kila wadi. Mtindo huu wa kuanzia wadini ulijaribiwa kwanza Isiolo, kisha Wajir, Garissa, Kitui na Makueni, kwa hiyo waliotutangulia kuujua ni watu wa bara wenye ng'ombe na mabwawa, si sisi wa visiwani. Kwa mwananchi wa kawaida, mlango ni ile kamati ya wadi. Ukienda moja kwa moja makao makuu na barua yako nzuri, utarudishwa huko huko wadini.

Kwa asiyejua jabia: ni sakafu pana iliyoinamishwa upande mmoja, mvua ikinyesha maji yanateremka hadi kwenye tangi lililochimbwa ardhini. Visima vyetu vina chumvi, vingine havifai hata kupikia wali, kwa hiyo maji ya jabia ndiyo ya kunywa. Letu lilikuwa limepasuka sakafu, na mbuzi walilala juu yake kama kwao.

Siku ya baraza la tathmini, kila mtu alikuja na lake. Wavuvi walitaka boti, vijana walitaka uwanja wa mpira (na jezi), wazee walitaka ukuta wa kuzuia bahari. Maofisa waliuliza maswali yale yale kwa kila ombi: ni janga gani la hali ya hewa linalowapiga, linampiga nani zaidi, na mradi huu utalipunguzaje? Hapo ndipo maombi mengi yaliporomoka. Kusema "hatuna maji" hakutoshi, kwa kuwa kijiji kinaweza kukosa maji kwa sababu bomba limeibwa. Ilibidi tuonyeshe kwamba ukame ndio uliotumaliza na kwamba jabia lisilopasuka lingetuokoa.

Kila mtu anakumbuka ule ukame. Misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Lakini kumbukumbu ya kichwani haiambatanishwi na fomu. Kilichotusaidia ni daftari la bibi mmoja mwenye duka, aliyekuwa akileta maji kwa boti na kuyauza kwa mkopo. Kila mtungi aliokopesha ameuandika kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, pamoja na jina la mkopaji, mwezi na bei. Nilikaa naye ukumbini, yeye akisoma mimi nikinakili kwa herufi za kizungu. Majina nikayaacha, maana madeni ya watu si ya kupeleka ofisini. Ukiifuata ile karatasi mwezi baada ya mwezi unaona bei inapanda, kisha unaona nyumba zinapunguza mitungi. Wakati huo huo kitabu cha chama chetu kinaonyesha michango ikishuka. Pesa zilikuwa zikinywewa. Afisa mmoja aliisoma ile karatasi mara mbili, akauliza kama anaweza kupiga picha.

Hesabu ya maji tuliifanya wenyewe, na naiona ndiyo sehemu ambayo vikundi vingi huiogopa bure. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja mraba inatoa lita moja, basi. Tulichukua kamba ya nyavu, tukaifunga fundo kila mita, tukapima sakafu: mita 30 kwa 20, yaani mita mraba 600. Mvua ya milimita 10, ambayo masika ni ya kawaida, inaleta lita 6,000. Hiyo ni mitungi 300 ya lita ishirini. Ukitoa yanayovuja na kukauka bado unabaki na mengi. Tuliandika hesabu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, kabla ya salamu na maelezo ya kikundi.

Karatasi nyingine zilikuwa za kawaida: cheti cha usajili wa kikundi, katiba, kumbukumbu za kikao kilichopitisha ombi zikiwa na sahihi, nakala za vitambulisho, barua ya chifu. Kigumu kilikuwa ardhi. Kaunti haitii saruji mahali ambapo kesho mtu atasema ni shamba la babu yake, na Lamu ardhi ni shughuli. Jabia letu liko kwenye kiwanja cha wakfu wa msikiti. Ikabidi kamati ya msikiti iandike kwamba kiwanja ni wakfu, kwamba maji yatakuwa ya kijiji chote, na kwamba kaunti inaruhusiwa kufanya kazi pale. Barua hiyo ilichukua muda kuliko nyingine zote. Wazee walikuwa radhi, ila kila mmoja alitaka neno lake limo. Anayetaka kuomba aanze na ardhi.

Na mwenye kuishi visiwani ahesabu maji ya bahari pia. Bahasha yetu ilipanda boti Mtangawanda kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, na maji yakiwa mafu, bahari haijai vya kutosha, kupita mlango wa bahari wa Mkanda ni kubahatisha. Tulipanga kupeleka wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho.

Kamati ilituweka kwenye orodha ya miradi ya kipaumbele, kisha kukawa kimya kirefu cha bajeti na zabuni. Hapo hakuna la kufanya ila kuhudhuria kila kikao cha ushirikishwaji wa umma na kuuliza jina la mradi wako liko ukurasa gani.

Mkandarasi alipofika, wawili wetu tuliingia kamati ya mradi, na tuliomba nakala ya orodha ya kazi na vifaa. Orodha ilisema mchanga usio na chumvi. Asubuhi moja punda wakateremsha mchanga uliozolewa ufuoni. Mama mmoja akautia chembe ulimini, akatema, akasema haujengi tangi. Chumvi hula nondo. Fundi yeyote wa hapa anajua. Msimamizi alinung'unika kuhusu gharama ya usafiri, lakini orodha ilikuwa na sahihi yake, na tulimwonyesha mstari. Mchanga ukaondolewa, ukaletwa mwingine. Bila ile nakala tungekuwa tunapiga kelele tu.

Sasa jabia lina ua wa seng'enge na mlango wa kufuli. Ufunguo unakaa kwa zamu, sakafu inafagiliwa kabla ya masika, na maji ya mvua ya kwanza yanaachwa yamwagike nje. Kila mtungi unalipiwa kidogo kwa ajili ya ukarabati. Kiwango hicho tulikuwa tumekiandika kwenye ombi lenyewe, na nadhani kilitupa alama, kwa sababu miradi mingi hufa kwa kukosa mtu wa kununua mfuko mmoja wa saruji.

Kijiji jirani wanatayarisha ombi lao na walikuja kuazima daftari la bibi. Amewapa nakala yangu. Daftari lenyewe hatoi, anasema humo bado kuna watu anaowadai.